Nani Anahama Kiti? Mwongozo wa Kumsoma Kijana wa Pembeni katika Riwaya za Mapenzi za Vijana

Agosti 1986, mji wa Omaha, jimbo la Nebraska, Marekani. Basi la shule limejaa. Viti vitupu vipo, ila kila kimoja kina mwenyewe, na kila mtu ndani ya basi anawajua wenyewe isipokuwa msichana anayepanda sasa hivi. Ni mgeni, mnene, nywele nyekundu zimetimka, amevaa nguo za kiume zilizochakaa. Hakuna anayesogea. Mwishowe mvulana aitwaye Park, ambaye mama yake ni Mkorea, anajisogeza dirishani kwa hasira, anamtolea neno chafu na kumwambia akae. Hivyo ndivyo inavyoanza Eleanor & Park ya Rainbow Rowell, na hapo penzi halijanukia hata kwa mbali.

Nimeanza na kiti kwa makusudi. Ukinunua sambusa ya nyama huulizi kama kuna nyama, unauliza ni nyama gani. Vivyo hivyo, ukifungua riwaya ya mapenzi ya vijana yenye msichana asiye na rafiki au mvulana anayekula chakula chake peke yake, usipoteze muda kujiuliza kama atapendwa. Atapendwa, maana kitabu kimeandikwa kwa ajili hiyo. Cha kuuliza ni nani anahama kiti. Je, yeye ndiye anayevutwa kuja katikati, akioshwa na kunyooshwa njiani? Au mwenzake anamfuata kule pembeni? Au wote wawili wanabaki walipo na mwandishi anatufunika macho kwa maneno matamu?

Mwongozo huu nimeuandikia mwalimu anayeongoza kikundi cha usomaji, kijana anayetaka kuandika uhakiki wa maana, na mwandishi anayejiandaa kutunga riwaya yake. Nitatumia hasa vitabu vinne vya Marekani, kwa kuwa huko ndiko aina hii ya riwaya ilikokomaa: Twilight ya Stephenie Meyer (2005), Stargirl ya Jerry Spinelli (2000), The Sun Is Also a Star ya Nicola Yoon (2016), na hicho cha Rowell kilichotoka Uingereza 2012 na Marekani 2013. Nitafichua miisho. Anayechukia kufichuliwa asome kwanza vitabu, kisha arudi.

Unahitaji penseli, karatasi mbili na subira ya kusoma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza soma kama watu wanavyosoma, kwa kukesha. Kazi ya penseli ni ya mara ya pili.

Hatua ya 1: Chora ramani ya viti

Chukua karatasi ya kwanza. Soma kurasa 30 hivi za mwanzo, kisha chora mahali ambapo vijana hukutana kwa lazima: basi, bwalo la chakula, darasa, chumba cha kubadilishia nguo za michezo. Andika nani anakaa wapi. Weka duara kwa aliyekaa, msalaba kwa aliyesimama.

Zoezi hili linaonekana la kitoto hadi ulifanye. Kwenye basi la Omaha utaona kwamba viti vya nyuma ni vya wababe, Steve na Tina, na kwamba Park mwenyewe hakai nyuma wala hakai mbele kabisa. Ana kiti chake, ana hedifoni zake masikioni, na anaachwa kwa amani kwa sharti moja ambalo halijaandikwa popote: asijitokeze. Hapo unagundua jambo ambalo maelezo ya jalada hayakuambii. Wa pembeni ni wawili. Tofauti yao ni kwamba Park alishalipia kiti chake kwa kunyamaza, na Eleanor, kwa jinsi alivyovaa tu, amekuja kuvunja ule ukimya.

Weka tarehe kwenye ramani yako. Utaichora tena ukifika katikati ya kitabu na tena mwishoni. Misalaba ikigeuka kuwa duara, jiulize nani aliondoka ili nafasi ipatikane.

Hatua ya 2: Pima kama kweli yuko pembeni

Kuna wahusika wanaotangaza upweke kama mchuuzi anavyotangaza maembe. Wanatuambia kila ukurasa kwamba hawafai, hawapendezi, hawaeleweki. Usiwaamini haraka. Gawa karatasi ya pili sehemu tatu: anachosema juu yake mwenyewe, wanachomtendea wengine, na kinachomgharimu.

Mjaribu Bella Swan wa Twilight. Anahama kutoka Phoenix yenye jua hadi Forks, mji mdogo wa mvua katika jimbo la Washington. Safu ya kwanza inajaa upesi: hajui kucheza, anajikwaa, hafanani na wenzake. Sasa angalia safu ya pili. Siku ya kwanza tu shuleni anapata wa kumwonyesha njia na meza ya kukaa. Dansi ya shule inapokaribia, ambayo kwa utaratibu wake wasichana ndio wanaochagua wa kwenda naye, wavulana watatu, Mike, Eric na Tyler, wanamjia mmoja baada ya mwingine wakitaka awe wao. Safu ya tatu inabaki karibu tupu kwa sura nyingi, hadi vampaya waanze kumwinda.

Sisemi hivyo kumcheka. Msichana anayejiona hafai huku watu wanamtaka yupo, na ni wengi. Ila hiyo inaitwa kujiona mgeni, na kutengwa ni habari nyingine. Eleanor safu zake zote tatu zimejaa. Kuna siku katika kipindi cha michezo nguo zake zinachukuliwa na kutumbukizwa chooni, naye analazimika kupita mbele za watu na vazi la michezo linalombana, Park akimwona. Hahitaji kutuambia kwamba hapendwi.

Kiswahili kinakusaidia hapa kuliko unavyodhani. Tuna mgeni, mpweke, mtengwa, mkiwa, mtoro, mwana haramu, na kila neno lina maumivu yake. Aliyesoma Siku Njema ya Ken Walibora anajua kwamba Kongowea, anayetoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba, hayuko pembeni kwa sababu ileile anayokuwa pembeni mtoto mnene au mtoto mwenye haya. Mchagulie mhusika wako neno moja kati ya hayo, liandike juu ya karatasi, na usilibadilishe bila ushahidi. Natasha wa The Sun Is Also a Star, kwa mfano, si mpweke wala hajioni kituko. Ni binti wa Kijamaika aliyekulia New York, mpenda sayansi, mwenye hoja zake. Kinachomweka pembeni ni karatasi: familia yake haina vibali, na usiku wa siku hiyohiyo kitabu kinapoanzia wanatakiwa kupanda ndege kurudishwa Jamaica. Ukimwita mpweke umekisoma kitabu kingine.

Hatua ya 3: Fuata pesa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo inayorukwa zaidi. Riwaya za mapenzi zina aibu ya pesa. Vijana wanakwenda mahali, wanakula, wanavaa, na bili haionekani. Kwa hiyo pale ambapo pesa inaonekana, piga mstari.

Kwa Rowell inaonekana kila mahali. Eleanor na wadogo zake wanne wanalala chumba kimoja. Nyumba haina simu. Bafu halina mlango, kwa hiyo anaoga mara tu anapotoka shule, kabla baba wa kambo, Richie, hajarudi. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa ametupwa nje na huyo Richie akaishi kwa watu. Sasa mvulana anamwazima vitabu vya katuni ndani ya basi. Mwanzoni hawasemezani hata kidogo. Park anagundua kwamba msichana anasoma kwa kuibia juu ya bega lake, akaanza kuchelewa kufunua kurasa ili naye amalize. Baadaye katuni zinakuwa kaseti, na kaseti zinahitaji kifaa cha kuzipigia na betri.

Simama kwenye betri. Kwa Park betri ni kitu kinachokaa kwenye droo. Kwa Eleanor kila wimbo una urefu wa uhai wa betri, na kila betri anayopewa ni deni. Ndiyo maana kupokea kunamwia vigumu, mpaka wakati mwingine anaonekana mkorofi au hana shukrani. Msomaji asiyefuata pesa atasema, mbona msichana huyu ana kiburi? Aliyefuata pesa anajua kwamba mtu asiye na kitu cha kurudisha hujilinda kwa ukali. Mapenzi yao yote yamo katika swali la namna ya kumpa mtu kitu bila kumdhalilisha, na mwandishi amelimaliza kwa betri mbili, si kwa hotuba.

Tahadhari kwa msomaji wa kwetu. Nguo za Eleanor ni za mitumba, na kwetu mitumba si habari; waziri huvaa, mwanafunzi huvaa. Chumba kimoja watoto watano nacho hakitashangaza kila mtu. Kikundi chetu kiliposoma sura zile, kijana mmoja aliuliza kwa dhati tatizo liko wapi. Lilikuwa swali zuri kuliko maelezo yangu yote ya siku ile. Umaskini unaomtenga mtu ni ule ambao jirani hana. Kabla ya kuhukumu, orodhesha walicho nacho majirani: nyumba ya Park ipo mtaa uleule, lakini mama yake ana saluni ndani ya gereji yao, babu na bibi wanakaa jirani, na chakula cha jioni kina saa yake.

Hatua ya 4: Nani ameshika kipaza sauti

Geuza sura tatu za mwanzo uone nani anasimulia. Kuna njia tatu za kawaida.

Ya kwanza, kijana wa pembeni anajisimulia. Tunapata moyo wake, ila hatuwezi kumwona kutoka nje.

Ya pili, anasimuliwa na anayempenda. Hapa ndipo pa kukaza macho. Stargirl inasimuliwa na Leo, mvulana wa shule ya Mica huko Arizona, akikumbuka akiwa mtu mzima. Stargirl amefundishwa nyumbani hadi sasa; anaingia shuleni na gitaa dogo la nyuzi nne, panya wa kufuga, na tabia ya kuwaimbia watu siku zao za kuzaliwa. Shule inashangaa, inamshangilia, kisha inamgeuka pale anaposhangilia hata timu ya wapinzani. Tunayajua yote hayo kwa macho ya Leo. Usiku Stargirl akilala anawaza nini? Hatujui. Mama yake anasema nini? Tunasikia kidogo tu. Msichana anakuwa kama taa: kazi yake ni kumulika chumba cha mwingine.

Mwaka 2007 mhakiki wa filamu Nathan Rabin aliipa jina la kebehi (Manic Pixie Dream Girl) tabia hii ya kuumba msichana wa ajabu na mchangamfu ambaye yupo tu ili kijana mwenye huzuni ajifunze kuishi. Jina hilo baadaye lilitumika hovyo, kila msichana mcheshi akabandikwa, na Rabin mwenyewe alikuja kulijutia. Kwa hiyo usikimbilie kubandika. Fanya hesabu badala yake: tafuta kurasa ambazo kijana wa pembeni yuko peke yake, hakuna anayemtazama, na anataka kitu kisichomhusu mpenzi wake. Kama hazizidi mbili, una hoja. Spinelli, nimtetee kidogo, anaonekana kujua anachokifanya. Leo anajisimulia kama mtu aliyeshindwa, na kutokumjua Stargirl ni sehemu ya kushindwa kwake.

Ya tatu ni kupokezana. Rowell anabadilisha kati ya Eleanor na Park, wakati mwingine kwa mistari michache tu, kama watu wanaorushiana mpira. Faida yake ni kwamba unasikia anavyojidharau Eleanor, halafu aya inayofuata unamwona kwa macho ya Park, na viwili havilingani kabisa. Yoon anakwenda mbali zaidi: katikati ya habari za Natasha na Daniel, mpenzi wake wa siku hiyo, anaingiza sura fupi za watu wa njiani, akiwemo Irene, mlinzi wa kike kwenye jengo la uhamiaji, mpweke kuliko mhusika yeyote mwingine kitabuni. Natasha anamwambia asante, na maneno hayo mafupi yanamfikia kuliko anavyojua mwenyewe.

Hatua ya 5: Tafuta eneo la kioo

Karibu kila riwaya ya aina hii ina eneo ambapo kijana wa pembeni anapambwa. Anavuliwa miwani, nywele zinanyooshwa, anashuka ngazi, watu wanaduwaa. Ukilipata, andika vitu viwili: nini kimeondolewa, na nani ameamua.

Katika Eleanor & Park anayepamba ni mama yake Park, kwa mikono ya mtaalamu na nia njema kabisa. Eleanor anaketi, anapakwa, na hana raha. Mwandishi hatupi ile furaha ya kushuka ngazi. Zaidi ya hapo, muda si mrefu anayejipaka wanja ni Park, na baba yake, aliyekuwa mwanajeshi, anakasirika. Kioo kimegeuzwa kikamwangalia mvulana. Nilipolisoma mara ya kwanza sikuliona hilo hata kidogo. Nililiona baada ya kuchora ramani ya tatu.

Stargirl naye anapambwa, ila kwa kupunguzwa. Leo anamwomba awe kama wengine, naye kwa mapenzi anakubali: anaanza kujiita Susan, anavaa kama wote, panya na gitaa vinabaki nyumbani. Anashinda shindano la hotuba la jimbo mjini Phoenix, anarudi akitarajia umati wa kumpokea, na anakuta watu wa kuhesabu kwa vidole. Baada ya hapo anakuwa Stargirl tena.

Dumplin' ya Julie Murphy (2015) inafanya ujanja mzuri zaidi. Willowdean ni msichana mnene wa mji mdogo wa Texas, mama yake aliwahi kuwa malkia wa urembo na bado anaendesha mashindano hayo. Eneo la kioo linatarajiwa tangu jalada. Lakini Willowdean anaingia mashindanoni na mwili wake uleule, kitabu kinaisha bila mizani kushuka, na mvulana, Bo, alishampenda tangu mwanzo. Shida inakuwa yeye mwenyewe kuamini kwamba anashikwa kiuno bila mtu kujilazimisha.

Hatua ya 6: Mpenzi amelipa nini?

Hatua fupi, lakini usiiruke. Andika jina la mpenzi, kisha chini yake kila alichopoteza kwa kupenda. Park anapoteza ule utulivu wake wa kwenye basi, anapigana na Steve, anagombana na baba. Leo anaonja kususiwa, anashindwa kuvumilia, na dansi ya mwisho haendi. Edward wa Twilight? Tajiri, mrembo, wa kuogofya, na shule nzima inazidi kumtazama Bella kwa sababu yake. Ukimaliza orodha hizo tatu hutahitaji mtu akueleze zinatofautiana vipi.

Hatua ya 7: Nani ameachwa nje ili penzi lipate nafasi?

Rudi kwenye ramani. Kuna watu uliowaandika ukawasahau. Eleanor ana marafiki wawili wa kipindi cha michezo, DeNice na Beebi, wasichana weusi wachangamfu wanaomtetea na kumchekesha. Jiulize: Eleanor asipokuwepo, wanafanya nini? Wanakwenda wapi? Nani anawapenda? Kitabu kinachojali sana mtu mmoja wa pembeni kinaweza kuwaweka wengine pembeni bila hata kujua.

Hoja ya namna hiyo imetolewa pia juu ya Park. Wasomaji wenye asili ya Korea wamelalamikia jinsi mama yake anavyosemeshwa Kiingereza cha kuvunjika na jinsi sura ya Kikorea inavyozungumziwa, kana kwamba ni kasoro au ni pambo la kigeni. Mimi bado nakipenda kitabu, na naona malalamiko yana haki. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana. Uhakiki wako uyabebe yote.

Usisahau pia wababe. Tina anamtesa Eleanor karibu kitabu kizima, halafu usiku ule mbaya kuliko yote, Eleanor anapotoroka nyumbani, ni Tina na Steve wanaomficha. Hawaombi msamaha na hakuna anayewaomba waombe. Ni watoto wa mtaa mmoja, na Richie wanamjua.

Hatua ya 8: Soma sura ya mwisho mara mbili

Mara ya kwanza kwa machozi, mara ya pili na swali: tatizo lililomweka pembeni limetatuliwa na nini?

Eleanor anatoroka. Anagundua kwamba maneno machafu yaliyokuwa yakiandikwa kwenye madaftari yake hayakuandikwa na wanafunzi, yameandikwa na baba wa kambo. Park anaendesha gari usiku kumpeleka kwa mjomba wake huko St. Paul, Minnesota, na kumwacha. Barua za Park zinakwenda, majibu hayaji. Kitabu kinafungwa kwa kadi ya posta yenye maneno matatu tu, na mwandishi hatuambii ni yapi. Wasomaji wamegombana juu ya kadi hiyo tangu siku ya kwanza. Mimi nataka uone kitu cha kawaida zaidi: kilichomwokoa ni nyumba ya ndugu mtu mzima, mlango unaofungwa, chakula. Penzi liliendesha gari. Halikuwa na nyumba.

Linganisha na Yoon. Penzi la siku moja halizuii ndege, Natasha anaondoka. Miaka kadhaa baadaye wanakutana tena angani, na mhudumu wa ndege hiyo ni Irene. Bahati hiyo ni kubwa mno kwa ladha yangu, lakini angalau sheria ya uhamiaji haikushindwa kwa busu.

Hatua ya 9: Kuendesha mazungumzo

Kama unaongoza kikundi, jisomee kitabu chote kwanza, usiamini jalada. Eleanor & Park ina matusi mengi na ina mtu mzima anayemwinda mtoto ndani ya nyumba. Mwaka 2013 huko Anoka, Minnesota, wazazi walikipinga na ziara ya mwandishi ikafutwa. Waambie wazazi mapema kilichomo, kwa maneno yako mwenyewe, na uwe na jina la mtu mzima wa kuaminika, mwalimu wa malezi au muuguzi, kwa sababu baada ya sura za Richie huenda mtoto mmoja akabaki nyuma wenzake wakitoka.

Usiulize kamwe, hapa kwetu nani yuko kama Eleanor? Nimewahi kuona swali hilo likiulizwa. Macho yote yaligeukia upande mmoja. Uliza mambo ya kitu: kwenye basi hili ungekaa wapi? Betri ungezipokea? Ungemwambia Leo nini kabla hajamwomba Stargirl abadilike? Wenye la kusema watalisema kupitia kiti.

Mtafiti wa fasihi ya watoto Rudine Sims Bishop aliandika mwaka 1990 kwamba vitabu huwa madirisha, vioo na milango ya kioo ya kupitia. Ninautumia mfano huo hivi: kila mmoja anataja ukurasa mmoja uliokuwa dirisha kwake na mmoja uliokuwa kioo, na wa kioo anaruhusiwa kutousema kwa sauti. Dakika 90 zinatosha. Ramani za viti zibandike ukutani mapema, watu wakifika wazione.

Hatua ya 10: Andika

Uhakiki usianze kwa kusema kitabu kinahusu nini. Anza na kitu kimoja ulichokipigia mstari, kisha tuonyeshe kinaongoza wapi. Mwandishi wa riwaya naye afanye vivyo hivyo: kabla hujaandika busu, amua mhusika wako anaoga saa ngapi na kwa nini saa hiyo.

Huu ni mfano wa aya ya kwanza, kama ningekuwa naanza leo:

"Park anafunua ukurasa taratibu. Ameshaumaliza, lakini jirani yake hajaumaliza, na wawili hao hawajawahi kusalimiana. Kwa kurasa nyingi hicho ndicho kitendo pekee cha mapenzi katika riwaya hii: mvulana kusubiri. Nitaonyesha kwamba Rowell anajua kuandika kusubiri kuliko anavyojua kuandika Wakorea, na kwamba msomaji anastahili kuambiwa yote mawili."

Taja mwaka, mahali na umri wa wahusika ndani ya aya mbili za mwanzo. Nukuu kidogo. Kama umesoma tafsiri, sema ni tafsiri. Ukitaka kulalamika juu ya mwisho, lalamika, ila kwanza uandike tatizo la mwanzo lilikuwa nini, kwa neno lile moja uliloliandika juu ya karatasi ya pili.